Sanduku Jeupe Linalopima Hewa

Wanangu, nendeni mjini Kabati, huku kwetu Ukambani, saa saba mchana, mumtazame mwenye bodaboda anayerudi kwenye pikipiki aliyoiacha juani. Hakai papo hapo. Hugusa kiti kwa kiganja, akautoa mkono upesi, kisha akatafuta gunia la kutandika. Mwenzake aliyeegesha chini ya mwembe hupanda akaenda zake. Haya, niambieni: joto la Kabati leo ni lipi? La kiti cha huyu au cha yule?

Wapimaji wa hali ya hewa watawajibu: si hili wala si lile. Wao hawapimi kiti wala lami. Wanapima hewa. Na hapo ndipo penye kazi, maana kipimajoto kikikaa juani hupata moto chenyewe, kikaonyesha joto lake badala ya joto la hewa.

Kwa hiyo hujengewa nyumba. Mhandisi mmoja wa Scotland, Thomas Stevenson, alibuni sanduku la mbao katika karne ya 19, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Hupakwa rangi nyeupe ili mwanga wa jua urudi ulikotoka. Kuta zake ni mbao nyembamba zilizolazwa mshazari: upepo unapita, jua halipenyi. Miguu huliinua, vipimajoto vikawa kati ya mita 1.25 na mita 2 juu ya udongo unaochoma. Na kwa kuwa huku kwetu karibu na ikweta jua huwa kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, hufaa sanduku liwe na milango miwili, mpimaji afungue upande wenye kivuli.

Ndani mna vipimajoto viwili vilivyo sawa, ila kimoja kimevishwa kitambaa cha pamba kinachonyonya maji. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto, kama yanavyoupoza mtungi wa udongo. Hewa ikiwa kavu, maji ya kitambaa hugeuka mvuke upesi na kipimajoto chake hushuka sana. Hewa ikiwa imeshiba mvuke, maji hayana pa kwenda, navyo viwili husoma sawa.

Tuseme kikavu kinasoma nyuzi 28 na chenye kitambaa nyuzi 20. Mpimaji huangalia jedwali lake: unyevu ni karibu asilimia 50, yaani hewa imebeba nusu tu ya mvuke inaoweza kuubeba. Asubuhi ya ukungu mwezi Julai, vyote viwili vikisoma 15, unyevu ni asilimia 100.

Siku hizi vituo vingi hujisomea vyenyewe. Badala ya kitambaa huwa na utando mwembamba unaonyonya mvuke, na vipimo husafiri kwa mtandao wa simu. Hata hivyo, navyo hukingwa na jua, maana hewa ni ile ile.

Unyevu si jambo la kuchezea Ukambani. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu lenye sumu ya aflatoksini yaliua watu zaidi ya 100, wengi wao Makueni na Kitui. Kuvu hupenda mahindi yasiyokauka vizuri, na hewa yenye mvuke mwingi haikaushi kitu. Basi mkisikia redioni kwamba unyevu umepanda, msingoje kuitwa: msaidieni nyanya kuanua mahindi kabla ya umande.