Safari ya Ndege: Umbali Wake na Saa Zake

Wasomaji wetu wengi waujua mwendo wa miguu na mwendo wa gari, lakini mwendo wa ndege bado huwatatiza. Basi twapenda kuueleza kwa mfano wa safari ya Dar es Salaam hata Mwanza.

Gari hupita Dodoma, Singida na Shinyanga, njia ya zaidi ya kilometa 1,100. Reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ni ndefu kuliko hiyo, maana hupitia Tabora kwanza. Lakini ndege haina mlima wa kuuzunguka wala mto wa kuutafutia daraja. Njia yake ni kama uzi ulionyoshwa, nayo ni kilometa 850 hivi.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi hesabu hiyo katika ramani. Karibu na ikweta, digrii moja ni kilometa 111 hivi. Toka kiwanja cha Dar es Salaam mpaka cha Mwanza ni digrii 4.4 kwenda kaskazini, yaani kilometa 490. Na digrii 6.3 kwenda magharibi, yaani kilometa 700. Hizo ni pande mbili za pembetatu. Upande wa tatu, ulio mshazari, ndio njia ya ndege.

Ndege kubwa ikiwa juu yaweza kwenda kilometa 800 kwa saa. Mtu atasema, "Basi ni saa moja tu." Sivyo. Kwanza hutambaa kiwanjani, kisha hupanda, tena hupunguza mwendo ili ishuke. Na upepo wa mbele huichelewesha. Kwa hiyo huhesabiwa saa moja na nusu hivi. Tena yafaa abiria afike kiwanjani saa mbili kabla, apimiwe mizigo na kukaguliwa.

Liko jambo moja kubwa zaidi. Saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane, si alfajiri. Tulimwona mzee mmoja aliyekuwa akienda kumzika ndugu yake. Tiketi yake ilisema 08:00, naye akaisoma saa nane mchana. Alipofika kiwanjani saa sita, ndege ilikuwa imekwisha ondoka tangu saa mbili asubuhi. Alifika kwao siku ya pili, akaonyeshwa kaburi.

Kanuni ni nyepesi: toa sita. 08:00 ni saa mbili asubuhi. 14:00 ni saa nane mchana. Jibu likipita kumi na mbili, toa kumi na mbili tena: 20:00 ni saa mbili usiku. Na saa isiyofika saba, ongeza sita: 04:00 ni saa kumi usiku.

Basi, wazee na waalimu, mtu wa kijijini akiwaletea tiketi, msimsomee siku tu. Msomeeni na saa, tena kwa saa zetu. Ndege haimngoji mtu.