Utangulizi: Kompyuta Kongwe na Njia ya Intaneti

Kompyuta ya mezani iliyoundwa mwaka 2009 bado ina nguvu za kuandika barua, kusoma gazeti na kufungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Hata hivyo, mashine nyingi za rika hilo huwekwa pembeni zikiwa nzima, kwa sababu tu "haziingii mtandaoni". Ni nini hasa kilichozeeka? Taaluma ya kufufua kompyuta kongwe, ninayomkaribishia msomaji, huanzia kwenye swali hilo.

Bungoma na Kitale ni mahali pazuri pa kuliulizia. Ukitoka Bungoma mjini, ukafika Mabanga penye kituo cha mafunzo ya wakulima, na ukaendelea hadi Kitale, utakuta ofisi, shule na saiba ambazo kwao kompyuta mpya ni gharama ya kufikiriwa mara mbili. Mtumba ndio mwanzo wa kompyuta nyingi za shule za Kenya: shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, limekarabati na kugawa mashine zilizokwisha kutumika kwingine. Mashine ya namna hiyo hufika huku mfumo endeshi wake ukiwa umebakiza muda mfupi wa kuhudumiwa. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Tarehe hizo zikipita, kesho yake mashine inawaka kama kawaida, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Intaneti ndiyo itakayomuumbua mwenye mashine, tena polepole. Kivinjari huacha kupokea matoleo mapya. Chrome iliiacha Windows 7 mapema mwaka 2023. Tovuti nazo hazimsubiri mtu: unabonyeza kitufe cha fomu, kimya. Kisha kuna vyeti vya usalama. Kila tovuti ya https hujitambulisha kwa cheti, na kompyuta hukikubali ikiwa tu inamjua aliyekitia saini. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti mama kilichotegemewa na mamilioni ya tovuti kilifikia ukomo wake, na baadhi ya vifaa vya zamani vikakataa kurasa ambavyo jana yake vilizifungua bila taabu.

Lakini kabla ya kuulaumu mfumo, tazama saa kwenye pembe ya skrini. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna betri bapa ya duara, CR2032, inayotunza saa mashine inapokuwa haina umeme. Betri hiyo ikifa, mashine huamka ikiamini ni tarehe ya zamani, mara nyingi ya miaka ilipoundwa. Kwake, vyeti vyote vya leo bado havijaanza kazi, na kila ukurasa unakuja na onyo. Fundi anayekimbilia kufuta diski bila kutazama saa anaweza kumpotezea mteja picha na faili bure, na kasoro ikabaki palepale.

Ikithibitika ni mfumo, Windows 11 huwafungia wengi mlango: inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ambacho mashine kongwe hazina. Inabaki mifumo endeshi ya jamii ya Linux, kama Linux Mint au Lubuntu, isiyo na ada. Afrika Mashariki haikuanza kuijua jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Angalia tu prosesa: zile za biti 32 zinaachwa, na Debian 13, Linux iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha prosesa hizo. Kwa maoni yangu, pesa ikipatikana iende kwanza kwenye diski ya SSD, kisha RAM.

Faili la kusakinishia ni la GB kadhaa, kwa hiyo bando la mmoja lihudumie wengi kwa flashi. Flashi hiyohiyo huwasha Linux bila kugusa diski. Itumie kwanza hivyo: jaribu modemu, sauti, na hasa printa. Saiba inaweza kuvumilia kompyuta ya polepole. Isiyoweza kuchapisha cheti cha PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru, imefunga kazi.