Usitafute Mlio, Tafuta Mwanya

Gari linalopanda kutoka Nyawera kwenda Kadutu, mjini Bukavu, halipati pumziko. Dereva anakata kona kwa mwendo wa mtu anayetembea, gurudumu la mbele linadumbukia shimoni, anakanyaga breki kumpisha mwenye pikipiki, anaachia, anapanda tena. Bukavu imejengwa juu ya vilima na juu ya rasi tano zinazochomoza ndani ya Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na barabara yenye tambarare ya kilomita nzima ni ya kutafuta. Mvua za Septemba hadi Mei huchimba lami na kuacha tope. Kiangazi cha Juni hadi Agosti huligeuza tope hilo kuwa vumbi. Vyuma vinavyoumia mapema ni vile vilivyo kati ya mikono ya dereva na tairi, na vikiumia husema neno moja tu: ko!

Gerejini mazungumzo huanza hivi. Fundi anauliza, "Papa, inalia wakati unakata volan, ao wakati unapita mu shimo?" Mteja anajibu, "Inalia tu, fundi. Badilisha rotuli."

Jibu la namna hiyo ndilo linalomaliza fedha za watu. Rotuli inabadilishwa, mlio uko palepale. Amotiseri, yaani shokapu, zinabadilishwa, mlio uko palepale. Mwisho inajulikana kwamba kilichokuwa kikigonga ni kifimbo chembamba cha bei ndogo ambacho hakuna aliyekigusa. Fundi alikuwa amefungua mlango sahihi. Hakuuliza mlio uko wapi. Aliuliza ni nguvu gani ilikuwa ikifanya kazi ulipotokea. Uchunguzi wote umo ndani ya swali hilo.

Pigo ndani ya milimita moja

Usukani haujaungwa na tairi moja kwa moja. Mzunguko wa mikono hushuka kwenye nguzo ya usukani, hupita kwenye krosi, kiungio kinachoiwezesha shafti kuzunguka huku imepinda, ambacho Mwingereza Robert Hooke alikieleza katika karne ya 17. Kutoka hapo huingia kwenye kremayeri, yaani steringi reki kwa fundi wa Dar es Salaam au Nairobi. Humo gia ndogo husukuma fimbo ya meno kushoto au kulia. Kila mwisho wa fimbo hiyo kuna rotuli ya ndani, kisha tairodi, kisha rotuli ya nje inayoshika mkono wa gurudumu. Chini yake, rotuli nyingine hulifunga gurudumu kwenye triangle, yule mkono wa chuma unaopanda na kushuka pamoja na springi.

Rotuli ni tufe la chuma lililokaa ndani ya kikombe chenye grisi, likafunikwa kwa mfuko wa mpira. Ikiwa nzima, tufe hugeuka litakavyo lakini haliachani na ukuta wa kikombe hata kidogo. Mfuko ukichanika, maji na mchanga huingia, grisi iliyochanganyika na mchanga huanza kusaga chuma, na kati ya tufe na kikombe hujitokeza mwanya.

Mwanya peke yake haupigi kelele. Gari likienda sawa kwenye lami nzuri, tufe limeegemea upande mmoja na limetulia. Nguvu inapogeuka, kwa sababu dereva amekata kona ya pili, tairi imegonga jiwe au breki imekanyagwa, tufe huvuka mwanya na kugonga ukuta wa pili. Hapo ndipo unaposikia ko! Nishati ya pigo hilo, kwa hesabu ya fizikia ya shule, ni nguvu inayosukuma mara umbali wa mwanya. Nguvu ikibaki ileile, mwanya ukawa mara mbili, nishati ya kila pigo nayo huwa mara mbili. Na pigo kubwa huuchimba mwanya kwa kasi zaidi kuliko pigo dogo. Kiungo ambacho mlio wake umevumiliwa kwa miezi kinaweza kuharibika kabisa kwa wiki chache.

Tuchukue mfano wa mkono wa gurudumu wenye urefu wa milimita 130. Mwanya wa milimita 1 kwenye rotuli ya nje huliruhusu gurudumu kugeuka karibu nusu digrii bila dereva kuliamuru. Katika gari ambalo usukani huzunguka digrii 16 ili gurudumu ligeuke digrii 1, uwiano wa kawaida kwa magari madogo, nusu digrii hiyo hupanda hadi digrii 7 hivi mikononi, zaidi kidogo ya sentimita 2 kwenye ukingo wa usukani. Vitabu vya ufundi vya Toyota kwa magari yake mengi madogo huweka ukomo wa mchezo huo wa usukani kuwa milimita 30. Milimita moja ya kiungo kimoja imekwisha kula sehemu kubwa ya kiasi chote kilichoruhusiwa.

Chuma hulidanganya sikio

Sikio hutambua upande wa sauti kwa kulinganisha tofauti ndogo za muda na za ukubwa kati ya kulia na kushoto. Hewani sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na tofauti hizo hupatikana. Ndani ya chuma huzidi mita 5,000 kwa sekunde. Pigo la gurudumu la kushoto huenea kwenye chasisi, sakafu na nguzo ya usukani kwa kufumba na kufumbua, kisha gari zima humlilia dereva kwa pamoja. Dereva anayeapa kwamba ni upande wa kulia anasema kweli kuhusu alichokisikia, lakini huenda amekosea kuhusu kilichogonga.

Huku kwetu kuna jambo la ziada. Kongo huendesha kulia, lakini magari mengi ya Bukavu yametoka Japani yakiwa na usukani wa kulia. Gurudumu la kulia ndilo linalopita ukingoni mwa barabara, penye mifereji na lami iliyomegeka, na dereva amekaa karibu juu yake kabisa. Kila pigo la upande huo humfikia wazi kuliko la upande wa pili. Ni kweli kwamba upande wa kulia una sababu ya kuchakaa mapema, lakini hukumu isitolewe kabla upande wa kushoto haujashikwa.

Nguvu moja kwa wakati mmoja

Kwa kuwa mlio hutokea nguvu inapogeuka, kazi ya fundi ni kugeuza nguvu moja moja huku nyingine zikiwa zimetulia.

Jaribio la kwanza halihitaji jeki. Gari limesimama kwa magurudumu yake manne juu ya shimo la gereji, injini inanguruma ikiwa usukani unasaidiwa na pampu ya mafuta. Mtu mmoja anautikisa usukani kushoto na kulia, upana wa kiganja tu. Kijana anayejifunza kazi ameshuka shimoni na taa. Anaweka kidole kimoja juu ya fimbo na kingine juu ya kikombe cha rotuli, maungio yakiwa katikati. Kiungo kizima huvisogeza vidole vyote viwili kwa pamoja. Kiungo kilichokwisha hukisogeza kimoja kwanza, kingine huchelewa, kisha hushtuka. Ngozi hulihisi pigo hilo hata pale ambapo sikio haliwezi kulitenga na ngurumo ya injini. Anaanzia kwenye krosi, anashuka kwenye kremayeri, anaibana rotuli ya ndani kupitia mfuko wake wa mpira, anamalizia kwenye rotuli ya nje. Kila kiungo anachokipita salama kimefutwa kwenye orodha.

Mlio ukitoka ndani ya kremayeri, jaribu lipo la kukaza nati ya springi inayobana fimbo ya meno dhidi ya gia. Tahadhari ni muhimu hapo. Meno ya katikati huchakaa kuliko ya pembeni kwa sababu gari huenda sawa muda mwingi kuliko linavyokata kona. Nati ikikazwa hadi katikati pawe kimya, usukani unaweza kung'ang'ania ukifika pembeni na kushindwa kurudi wenyewe baada ya kona. Hilo ni baya kuliko mlio.

Jaribio la pili ni la jeki, na gari likalishwe juu ya stendi imara, kwa sababu jeki peke yake imeua watu. Shika tairi kwa mikono miwili, kushoto na kulia, vuta huku unasukuma. Gurudumu likicheza, chunguza rotuli za tairodi na kremayeri. Kisha shika juu na chini. Likicheza hivyo, ni rotuli ya triangle au rulema, yaani beringi. Kuvitenganisha hakuhitaji mashine: mwenzako akanyage breki. Breki hulifunga gurudumu na chuma kinachobeba rulema vikawa kitu kimoja. Mchezo ukipotea, rulema imekwisha. Ukibaki, ni rotuli. Tairi yenyewe husaidia kuona. Ikiwa ukingo wake uko milimita 300 kutoka katikati, ile milimita 1 ya rotuli ya nje hutokea hapo ikiwa imezidi 2.

Jaribio la tatu hufanyika barabarani. Fimbo ya stabilaiza huunganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili gari lisilale sana kwenye kona, na vifimbo vyake viwili, biyeleti, hubeba mzigo pale tu gurudumu moja linapopanda au kushuka peke yake. Pita polepole juu ya dodani, yaani tuta la barabarani, magurudumu yote mawili ya mbele yapande kwa pamoja. Kisha pita mahali ambapo gurudumu moja linaingia shimoni na jingine limebaki juu. Kimya pa kwanza, ko-ko-ko pa pili: mshukiwa mkuu ni biyeleti. Kuthibitisha, zifungue zote mbili na urudie njia hiyohiyo kwa mwendo mdogo. Gari litalala zaidi kwenye kona, lakini kama zilikuwa na hatia, mlio utakuwa umekwenda nazo.

Milio mingine hujitambulisha yenyewe. Pigo moja ukianza kukanyaga breki, na jingine ukirudi nyuma, humwelekeza fundi kwenye silambloku za triangle, bushi za mpira zilizochanika. Springi inayojikunja usukani unapozungushwa, kisha ikaruka kwa kishindo, inaonyesha kwamba rulema ya kichwa cha amotiseri imeng'ang'ania. Na tak-tak-tak ya haraka kwenye kona kali wakati wa kukanyaga mafuta haihusu usukani kabisa. Ni kichwa cha kardani, kiungio cha shafti inayozungusha gurudumu.

Shafti iliyorudisha mamilioni ya magari

Kiungo kinachosahaulika ni kile kilicho juu ya kremayeri. Mnamo Novemba 2012 Toyota ilitangaza kuyarudisha gerejini magari milioni 2.77 duniani kote, yakiwemo ya aina za Prius na Corolla, mengi kati yake kwa ajili ya shafti ya kati ya usukani. Meno madogo yanayoiunganisha shafti hiyo na sanduku la usukani hayakuwa magumu vya kutosha. Usukani ukizungushwa kwa nguvu hadi mwisho wake, mara kwa mara, gari likiwa katika mwendo mdogo, meno hayo yaliweza kupinda, mwanya ukaongezeka, na mwisho dereva akapoteza uwezo wa kuliongoza gari.

Usukani hadi mwisho, kwa nguvu, kwa mwendo mdogo: ndivyo gari linavyogeuzwa kwenye kichochoro cha mlimani Kadutu. Tena barua ya mtengenezaji humfuata mwenye gari aliyeandikishwa; gari likishauzwa mtu na mtu, likavuka bahari hadi Dar es Salaam au Mombasa na kufika Bukavu kwa lori, barua haina tena anwani. Mwenye Corolla ya kabla ya tangazo hilo, ikiwa anasikia pigo laini mikononi mwake badala ya miguuni, amwombe fundi aanze juu, kwenye krosi na meno ya shafti, kabla ya kununua rotuli yoyote.

Kinachosubiri na kisichosubiri

Biyeleti iliyolegea inaweza kusubiri mshahara. Silambloku iliyoanza kuchanika inaweza kusubiri kidogo, ikiangaliwa. Rotuli ya triangle, rotuli za tairodi, krosi na shafti havisubiri. Tufe likitoka kwenye kikombe chake, gurudumu hukunjika upande wake na usukani hubaki ukizunguka bure. Kwenye barabara ya Ngomo inayoteremka kuelekea Kamanyola na Uvira, yenye ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, hakuna nafasi ya kujifunza hilo.

Kiungo kikishabadilishwa, mteja adai mambo mawili: kama nati ya rotuli ni ya pini, pini iwe imerudishwa, kwa kuwa mitikisiko hulegeza nati, na magurudumu yapimwe upya, kwa sababu rotuli mpya ya tairodi hubadilisha mwelekeo wa tairi, na tairi iliyopinda huisha upande mmoja. Kisha gari lirudi kwenye mtelemko uleule, shimo lilelile, mwendo uleule na abiria walewale. Kukiwa kimya hapo, fundi alipwe.