Benki Hulipia Karatasi, Si Mzigo

Mwaka 1940 mnunuzi mmoja wa Denmark aliagiza karanga zipatazo tani 1,400, na muuzaji akafunguliwa barua ya muamana katika benki ya Hambros, London. Barua ilitaja bidhaa kuwa ni karanga za Coromandel, na ankara ya muuzaji ikasema hivyo hivyo. Hati ya shehena, ile inayotolewa na meli, ikaandika kwamba zilizopakiwa ni punje za karanga zilizobanguliwa kwa mashine. Katika soko la karanga kila mtu alijua kuwa majina hayo mawili ni ya bidhaa moja. Benki ilikataa kulipa. Kesi ilipofika Mahakama ya Rufani ya Uingereza, majaji waliipa benki haki: mtu wa benki halazimiki kujua lugha ya ndani ya kila biashara duniani. Kazi yake ni kuweka karatasi aliyoletewa kando ya maagizo aliyopewa na kutazama kama vinalingana.

Leo mwagizaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayefungua barua ya muamana, LC kama wafanyabiashara wanavyoiita, anaingia katika utaratibu wenye msingi uleule. Wengi huifungua wakidhani wamenunua ulinzi wa mzigo, kumbe ulinzi walioununua ni wa hati. Na hati hizo wamezichagua wao wenyewe, siku ile walipokaa kujaza fomu ya maombi.

Ahadi iliyo katikati

Chukua mfano wa mwenye duka Kariakoo anayetaka mashine za kukoboa nafaka kutoka Ningbo, China. Njia aliyoizoea ni TT, yaani kutuma fedha moja kwa moja kutoka benki hadi benki: anatuma asilimia 30 kiwanda kianze kazi, kisha anamalizia asilimia 70 mzigo ukiwa tayari, au akishaonyeshwa nakala ya hati ya shehena. Hatari karibu yote iko kwake. Njia ya pili ni kiwanda kutuma mzigo kwanza na kulipwa baadaye. Hapo hatari inahamia kwa kiwanda, na viwanda vinavyokubali hivyo kwa mteja mgeni ni vya kuhesabu.

LC hukaa katikati. Benki ya mwagizaji inaandika ahadi: ukileta hati hizi, zikiwa na maelezo haya, kabla ya tarehe hii, tutakulipa. Ahadi hiyo haitenguliwi bila ridhaa ya muuzaji, hata mwagizaji akighairi au akifilisika. Inapita katika SWIFT, mtandao wa ujumbe ulioasisiwa na mabenki huko Ubelgiji mwaka 1973, hadi benki ya China ambayo nayo humfikishia muuzaji. Siku hiyo hakuna dola inayosafiri. Fedha itatoka baadaye, kwenye akaunti ya dola ambayo benki ya Dar es Salaam imeifungua katika benki kubwa ya nje, mara nyingi New York. Akaunti hiyo mabenki huiita nostro. Benki yenye nostro iliyokauka, au isiyo na benki mshirika nje inayoiamini, haitamfaa mwagizaji hata kama ina matawi kila wilaya.

Ndiyo sababu muuzaji mwangalifu huuliza: ahadi hii ni ya nani? Kama haijui benki ya Dar es Salaam, ataomba LC ithibitishwe, yaani benki nyingine anayoiamini iongeze ahadi yake juu ya ile ya kwanza. Uthibitisho una bei, na bei hupanda kadiri nchi au benki iliyotoa LC inavyoonekana kuwa na mashaka. Afreximbank, yenye makao makuu Cairo, ina mpango wa kuthibitisha LC za benki za Afrika kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa upande wake, benki ya mwagizaji huiona LC kama mkopo ambao bado haujachukuliwa. Kwa hiyo itazuia fedha taslimu kwenye akaunti ya mteja, kamili au sehemu, au itaihesabu ndani ya kikomo cha mkopo alichokwisha wekea dhamana. Asiyeuliza suala hili mapema hujikuta ana LC nzuri na duka lisilo na mtaji wa kuzungusha.

Kanuni kutoka Paris

Karibu LC zote duniani hufuata kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, yenye ofisi zake kuu Paris. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1933. Linalotumika sasa, UCP 600, lilianza kazi tarehe 1 Julai 2007. Kifungu cha 5 kinasema bayana kwamba benki hushughulika na hati, si na bidhaa ambazo hati hizo huenda zinazihusu. Benki ina siku tano za kazi, kuanzia siku inayofuata ile ilipopokea hati, kuzipima na kutoa uamuzi. Ikinyamaza hadi siku hizo zipite, inapoteza haki ya kusema hati zina dosari.

Waliotunga kanuni hizo walieleza katika utangulizi wake kwamba, kwa mujibu wa tafiti za wakati huo, takriban asilimia 70 ya hati zilizowasilishwa chini ya LC zilikataliwa mara ya kwanza kwa sababu ya dosari. Katika dosari hizo mna za maana na mna za herufi tu: jina la kampuni lililokosewa, uzito wa ankara usiowiana na ule wa orodha ya vifurushi, hati ya shehena yenye tarehe iliyovuka siku ya mwisho ya kupakia. Hata hivyo kanuni zenyewe zina ulegevu kidogo. Ankara lazima ieleze bidhaa sawasawa na LC, lakini hati nyingine zinaweza kuitaja kwa jumla ilmradi zisipingane nayo. Muuzaji wa karanga za Coromandel angekuwa na hoja nzuri zaidi leo.

Mwagizaji akisikia hayo huona dosari ni tatizo la muuzaji. Ni kweli, kwa sehemu. Kutokuwepo kwa dosari nako kunaweza kuwa tatizo la mwagizaji. Muuzaji ambaye hati zake zimenyooka lazima alipwe, hata kama ndani ya kontena mna mashine zilizochakaa na kupakwa rangi upya.

Sharti lisilo na karatasi

Hapa ndipo panapohitaji umakini kuliko pengine pote. Mwagizaji huandika katika maombi yake: mashine ziwe mpya, ziwe na uwezo wa kukoboa kilo kadhaa kwa saa, zifungwe kwenye masanduku ya mbao. Anaondoka benki ameridhika. Lakini kifungu cha 14 cha UCP 600 kinasema kwamba LC ikitaja sharti bila kutaja hati itakayothibitisha sharti hilo, benki italichukulia kana kwamba halikuandikwa. Maneno yote yale hayana kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa LC daftari ni hati iliyotajwa kwa jina.

Kila unachokitaka kigeuze kiwe karatasi, na karatasi hiyo itolewe na mtu asiye muuzaji. Badala ya kuandika mashine ziwe mpya, dai cheti cha ukaguzi kabla ya kupakia, kilichotolewa na kampuni ya ukaguzi unayoitaja, kama vile SGS, Bureau Veritas au Intertek, kinachosema kwamba mashine zimekaguliwa, ni mpya, na namba zake ni hizi. Bidhaa nyingi zinazoingia Tanzania na Kenya zinahitaji pia cheti cha ubora kinachotolewa huko huko zinakotoka, chini ya utaratibu wa TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya nchi hizo. Kiingize kwenye orodha ya hati za LC. Usipofanya hivyo, muuzaji atalipwa bila cheti, nawe utakutana na adhabu bandarini.

Lakini usizidishe. LC yenye hati kumi na tano ni mtego kwa muuzaji, na muuzaji mzoefu ataukataa au atauongezea bei. Hati tano au sita hutosha kwa biashara nyingi: ankara, hati ya shehena, orodha ya vifurushi, cheti cha asili ya bidhaa, cheti cha ukaguzi na, panapohitajika, hati ya bima.

Kuhusu bima, Kenya na Tanzania zinamtaka mwagizaji akate bima ya shehena ya baharini kwa kampuni za ndani. Anayefungua LC kwa bei ya CIF, yaani yenye nauli na bima ndani yake, analipa bima ya muuzaji, kisha anatakiwa akate nyingine nyumbani. Bei ya FOB au CFR, ambazo hazina bima ndani yake, humwepusha na malipo hayo ya mara mbili.

Udanganyifu una dawa, ila chungu

Je, mahakama haiwezi kuzuia malipo muuzaji akiwa mwizi? Inaweza, kwa shida. Kesi inayotajwa sana ni ya New York, mwaka 1941. Mnunuzi aliagiza nywele ngumu za nguruwe za kutengenezea brashi kutoka India. Kwa madai yake, makasha 50 yaliyopakiwa yalijaa manyoya ya ng'ombe na takataka, huku hati zikiwa safi kabisa. Jaji alikubali kwamba pale ambapo muuzaji hakutuma bidhaa hafifu tu bali amefanya hila kwa makusudi, na benki imearifiwa kabla ya kulipa, ahadi ya LC haimlindi mwenye hila.

Msingi huo ungali hai katika nchi nyingi, lakini ni mwembamba. Ubora duni hautoshi. Lazima uthibitishe hila. Tena lazima uthibitishe upesi, kabla benki ya upande wa pili haijalipa kwa nia njema, jambo ambalo kwa kawaida hutokea meli ikiwa ingali baharini. Cheti cha ukaguzi cha dola mia chache ni nafuu kuliko wakili wa kesi hiyo.

Meli inapoitangulia karatasi

Mzigo kutoka Mumbai au Jebel Ali unaweza kutia nanga Mombasa au Dar es Salaam wakati hati zingali zinazunguka kati ya benki na benki. Gharama za kuhifadhi kontena zinaanza kuhesabika, na wakala wa forodha anapiga simu kutwa. Benki hutoa suluhisho: dhamana kwa kampuni ya meli, ili mzigo utolewe bila hati halisi ya shehena. Inasaidia kweli, lakini soma unachotia saini. Kwa kawaida mteja hukubali kuzipokea hati zitakapofika hata zikiwa na dosari. Kinga uliyoilipia umeirudisha kwa mkono wako mwenyewe. Kama njia ni fupi, panga tangu mwanzo: usiache zile siku 21 baada ya kupakia ambazo kanuni humpa muuzaji kuwasilisha hati pale LC inapokaa kimya. Andika saba au kumi.

Muda unaweza pia kuwa silaha ya mnunuzi. LC ya malipo ya baadaye humruhusu muuzaji kupewa ahadi leo na fedha baada ya siku 90 au 180. Kenya ilitumia njia hiyo kwa kiwango cha taifa mwaka 2023, ilipokubaliana na Saudi Aramco, ADNOC na ENOC kununua mafuta kwa mkopo wa siku 180, ahadi zikitolewa kwa LC za benki, ili kupunguza msukumo wa kutafuta dola kila shehena inapofika. Mfanyabiashara wa kawaida naye anaweza kuomba siku 90, auze kwanza, alipe baadaye. Asisahau tu kwamba deni lake ni la dola na mauzo yake ni ya shilingi.

Lini uiache

LC si ya kila mtu. Ada ya kuifungua huwa asilimia ya thamani kwa kila robo mwaka, juu yake kuna ada za ujumbe, za marekebisho, za uthibitisho na za kila dosari. Kwa mzigo wa dola elfu chache, ada hizo hula faida. Kwa muuzaji mliyefanya naye kazi miaka mingi, TT ni rahisi na ya haraka. LC inafaa pale fedha ni nyingi, mtu ni mgeni, au bidhaa inatengenezwa kwa oda yako pekee. Kwa wauzaji wetu wa nje, wa kahawa ya Moshi au korosho za Mtwara, ushauri unageuka: isome LC siku unayoipokea, si siku ya kupakia. Ukikuta hati usiyoweza kuipata, au tarehe usiyoweza kuiwahi, omba ibadilishwe kabla gunia moja halijatoka ghalani.

Kwa mwagizaji, hatua yenye faida kubwa haigharimu karibu chochote. Iombe benki rasimu ya LC kabla haijatumwa, mpelekee muuzaji, apitie kila mstari na akubali kwa maandishi. Ikishatumwa, kila rekebisho lina ada yake, na linahitaji ridhaa ya muuzaji, ambaye kwa wakati huo huenda hana tena sababu ya kukubali.