Fahamu: Yudithi wa Artemisia ni nani?

Mkatoliki wa Kilema au Kibosho, Kilimanjaro, akifungua Biblia yake yenye vitabu 73, anamkuta Yudithi. Jirani yake Mlutheri wa Machame, mwenye vitabu 66, hamkuti.

Yudithi alikuwa mjane wa Betulia, mji uliozingirwa na jeshi la Waashuru hadi maji yakakauka. Aliingia kambini, akangoja jemadari Holoferne alewe, akamkata shingo kwa mapigo mawili.

Mchoraji Artemisia Gentileschi alilichora tukio hilo takriban mwaka 1612, akalirudia karibu 1620. Mchoro huo wa pili uko katika jumba la makumbusho la Uffizi, Florence. Mchoraji Caravaggio alikwishamtangulia kulichora, lakini kwake mjakazi ni bibi kizee aliyesimama kando. Kwa Artemisia, mjakazi ni kijana aliyemkandamiza jemadari kitandani kwa nguvu zake zote, na Yudithi amekunja mikono ya gauni kama mtu aliyekuja kazini. Damu inatapakaa kwenye shuka. Wanawake wawili wanashirikiana, na hapo ndipo ukuu wa mchoro ulipo.

Mwaka 1612, mahakama ya Roma ilimtia hatiani mchoraji Agostino Tassi kwa kumbaka Artemisia. Aliyebanwa vidole kwa kamba ili kuthibitisha ushahidi alikuwa Artemisia mwenyewe. Wengi huuita mchoro huu kisasi chake kwa Tassi, lakini naona wanampunguza. Mwaka 1616 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa katika akademia ya sanaa ya Florence.

Ndugu Walutheri, Martin Luther mwenyewe aliona vitabu hivi vya ziada, kama cha Yudithi, vinafaa kusomwa. Azimeni Biblia ya jirani: Yudithi ana sura 16 tu.