Makorokocho Chumbani, Uchovu Akilini

Mara nyingi tunapozungumza juu ya usafi tunaanzia chooni na kuishia kisimani. Mwezi huu tungependa kuingia ndani ya nyumba, mpaka uvunguni mwa kitanda. Tunataka kuzungumzia makorokocho: ndoo iliyopasuka, redio isiyolia, baiskeli isiyo na magurudumu, viatu vya mtoto ambaye siku hizi ni baba mwenye watoto, chupa tupu, madumu, na viroba vya mbolea vilivyokunjwa kwa ajili ya kazi ambayo haijafika. Wengine watasema hayo ni mambo ya ufagio, hayahusiani na akili. Sisi wauguzi tunaona kwamba yanahusiana.

Kwanza tuelewane. Mahindi si makorokocho. Huku kwetu Ufipa mavuno yakiingia, magunia hujaa mpaka chumba cha kulala, nayo ni chakula cha mwaka mzima, sare za shule na nauli ya hospitali. Tangu yule dumuzi ambaye wakulima humwita Scania aingie nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, familia nyingi hupukuchua mahindi mapema, huyatia dawa na kuyaweka ndani, karibu na macho. (Hapa tuonye kidogo. Vile vidonge vya kufukizia mahindi hutoa gesi inayoua wadudu, panya na watu. Magunia yaliyotiwa vidonge hivyo yasikae katika nyumba anamolala mtu, hata usiku mmoja, hasa majira haya ya baridi ambapo madirisha hufungwa mapema.) Wala familia ya watu 7 katika vyumba 2 isijilaumu kwa kubanana. Makorokocho ni kitu kingine. Ni kile ambacho hakitumiki, hakina mpango wowote, na kila ukikitazama moyo unasema, "Nitakishughulikia." Siku yenyewe haifiki.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja na kusoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi. Baadaye, Desemba 9, 2015, Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru akawataka wananchi washike mafagio, na ndipo Jumamosi ya mwisho ya mwezi ikawa siku ya usafi. Yote hayo ni mema. Lakini ukitazama vizuri utaona kwamba juhudi hizo nyingi ziliishia mlangoni. Uwanja unang'aa, na ndani mama bado anaruka madumu kwenda kuchukua chumvi.

Basi makorokocho hufanya nini akilini? Jicho haliwezi kuambiwa lisione. Kila kilichopo mbele yake hupelekwa kwenye ubongo, na ubongo hulazimika kuchagua kipi cha kushughulika nacho na kipi cha kuacha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton huko Marekani walionyesha mwaka 2011 kwamba vitu vingi vinavyoonekana kwa pamoja hugombania nafasi katika ubongo, na kuchuja huko ni kazi. Mtu haioni kazi hiyo, lakini jioni anajikuta amechoka wala hajui alichofanya. Tena lile rundo si la kuonekana tu. Kila kitu ndani yake ni kazi iliyoanzwa ikaachwa: suruali ya kutiwa kiraka, jembe la kutiwa mpini, kiti cha kugongelewa msumari. Mama akiingia chumbani kupumzika, kumbe ameingia kwenye orodha ya madeni.

Tunasema mama kwa makusudi. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Los Angeles, Darby Saxbe na Rena Repetti, walitoa matokeo ya utafiti wao kwa watu 60 walio katika ndoa, mume na mke wote wakiwa na ajira. Waliwaomba wapite nyumbani mwao wakieleza kwa maneno yao wenyewe wanachokiona, kisha wakapima mate yao ili kujua kiasi cha kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa hasa wakati wa mashaka. Kwa kawaida kotisoli huwa juu asubuhi na hushuka kuelekea jioni. Kwa wake walioieleza nyumba yao kuwa imejaa vitu na kazi zisizokwisha, kushuka huko kulikuwa kudogo, na huzuni yao iliongezeka kadiri siku ilivyokwenda. Kwa maneno mengine, mwili wao ulikuwa haujaambiwa kwamba siku imekwisha. Nyumba za Los Angeles si za Laela wala Namanyere, lakini mwili wa mwanamke ni mmoja, na huku kwetu pia anayejua chumvi iko wapi ni mama.

Tuwe wakweli lakini. Utafiti huo hausemi kwamba vitu ndivyo vilivyoleta huzuni. Yawezekana aliyechoka moyo ndiye anayeshindwa kupanga, na aliyeshindwa kupanga huzidi kuchoka. Sisi tunaona mambo haya mawili yanafukuzana. Ndiyo maana mama akija kwetu akasema kwa majuma mawili au zaidi hana usingizi, hana hamu ya chakula, halii wala hacheki, na mambo aliyoyapenda hayana ladha tena, hatumwambii akapange nyumba. Hiyo huenda ni sonona, ni ugonjwa, una matibabu, na jirani anayemwita mvivu anamwongezea mzigo. Nyumba itapangwa akipata nafuu, tena kwa kusaidiwa.

Kuna hasara nyingine ambayo sisi tunaikuta mlangoni mwa wodi. Mama amefika na uchungu usiku, kadi ya kliniki haikuonekana. Ilikuwa ndani ya begi, begi chini ya mablanketi, mablanketi nyuma ya viroba. Hatujui damu yake ni kundi gani, wala kama uzazi uliopita alipasuliwa. Tunaanza upya huku saa zinakwenda. Au kijana mwenye kifafa. Dawa za kifafa lazima zimezwe kila siku bila kukosa, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Pakiti ikipotea katika rundo, familia husema, "Tutaitafuta kesho." Kesho kijana anaangukia motoni jikoni. Wahudumu wanaofunga vidonda vya moto katika wodi zetu wanaijua habari hii. Kwa hiyo hata kama hutagusa kitu kingine chochote nyumbani mwako mwaka huu, tafuta mfuko mmoja wa nailoni mgumu, utundike ukutani kwenye msumari, mahali ambapo mtoto hafiki. Ndani yake ziwe kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo, kadi ya bima, karatasi za kiwanja au shamba. Mfuko wa pili uwe wa dawa zinazotumika sasa, na zile zilizopita muda zirudishwe kwa mfamasia.

Kuhusu mengine, tunashauri polepole. Majira ya kipupwe, mvua ikiwa imeshaondoka na mahindi yameingia, ndiyo mazuri kwa kazi hii, kwa kuwa vitu vinaweza kutolewa nje juani. Anza na kona moja, tena ile unayoiona kwanza unapoamka. Usitoe nyumba nzima siku moja, maana jua likizama kila kitu kitarudishwa ndani kwa hasira. Kinachofaa kipate mahali pake. Kinachoweza kumfaa mwingine kiende leo, kisisubiri mgeni. Vyuma chakavu vina wanunuzi, navyo huleta hela ya sabuni. Plastiki na betri visichomwe motoni, moshi wake ni sumu, na chupa za dawa za shambani zisiwekewe maziwa wala mafuta hata zikioshwa mara 10. Spana za baba watoto usizitupe bila yeye kuwepo. Tumewahi kusuluhisha ugomvi wa nyumba ulioanzia kwenye pampu ya baiskeli.

Vitu vya marehemu ni habari tofauti kabisa. Wajane wengi huacha koti la mume limetundikwa pale pale, na viatu chini yake. Ndugu wakimwambia, "Toa, utaugua," anaona kama wanamfukuza mtu wao mara ya pili. Wengine hushikilia vitu kwa hofu nyingine iliyo ya kweli, kwamba vikitoka ndugu wa mume watachukua na nyumba. Kwa hiyo mambo ya mirathi yatangulie, yaandikwe, mbele ya mashahidi. Nguo zifuate, na mkono wa kwanza kuzigusa uwe wa mjane mwenyewe. Tunaona akina mama wa jumuiya ndogo ndogo wakilifanya hili vizuri: wanakuja wawili au watatu, wanakaa naye, anasimulia habari ya kila shati, machozi yanatoka, jioni mabegi mawili yamepata wenyewe na koti limebaki. Koti libaki. Halizuii njia.

Mwisho tuna jambo linalotusumbua. Wako wazee, bibi na babu zetu, wanaokusanya vitu visivyo na matumizi: vitambaa vichakavu, chupa, mifupa, mizizi, karatasi za sabuni. Wanavificha, kisha wanasahau walikoficha na kuwatuhumu wakwe zao kwamba wameiba. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, ambao huharibu ubongo taratibu. Wapo pia wasioweza kuachana na kitu hata kiwe takataka, na Shirika la Afya Duniani limeutambua ulimbikizaji huo kuwa ugonjwa wa akili katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022. Lakini majirani wakichungulia ndani ya nyumba ya bibi wa namna hiyo, wakaona chupa na mizizi, na macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 60, wanasema neno lile. Wazee hutueleza kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi". Ni vizuri. Ila katika nchi yetu wamekwisha kuuawa vikongwe wengi kwa tuhuma hizo, na baadhi yao, sisi tunaamini, kosa lao lilikuwa kuugua.

Basi mjukuu ukiona bibi ameanza kukusanya, usimchomee vitu vyake akiwa kisimani. Atarudi, atatafuta, atachanganyikiwa zaidi, na kelele zake zitaita watu. Punguza kidogo kidogo ukiwa naye, njia ya kutoka kitandani mpaka mlangoni iwe wazi asije akajikwaa na kuvunjika nyonga, na moto uwe mbali na vitambaa. Kisha mleteni hospitali. Mje asubuhi, pamoja na mtu anayeishi naye siku zote na anayeweza kueleza mabadiliko yalianza lini, na mje na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba.