Kajiado ni tajiri ama maskini? Inategemea umeangalia wapi

1/ Mjadala wa Kajiado ukianza, mmoja anasema "tuko sawa", mwingine "watu wanaumia". Wote wana takwimu.

2/ Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 kwenye kaunti, Kitengela pekee zaidi ya 150,000. Iliuliza maji, choo, kuta, stima. Haikuuliza unatumia pesa ngapi.

3/ Hilo huulizwa na utafiti wa KNBS, kwa nyumba chache tu. Zinatosha kaunti, si mtaa.

4/ Ukiunganisha, utafiti unaonyesha nyumba maskini ikoje, sensa inaonyesha ziko wapi.

5/ Huku kwetu Kitengela naona flati na mabati barabara moja. Wastani unazichanganya. Ukipewa asilimia ya kaunti, uliza: mtaa wangu je?